Kombi Uani kwa Mkwe

Tangu turudi sijapita sokoni bila kusimamishwa. Mama wa mboga anataka habari za ndovu. Wanafunzi waliopanga vyumba vyangu hapa Shirere wanauliza kama ni kweli tulikuwa tunapika ndani ya gari. Nanyi wenzangu wa kikundi cha kanisa kila Jumatano mnaniomba nianze upya, halafu mnanikatiza kabla sijafika Nakuru. Basi nimechukua daftari. Nitaandika mara moja tu, na anayetaka atasoma. Mume wangu, Baba Muhonja, ana yake anayosimulia kule gereji, lakini kuhusu mlima wa Kitonga msimwamini.

Sababu ya safari wengi wenu mnaijua, ila nitaiweka hapa. Muhonja, kifungua mimba wetu, aliolewa na Osmundi, kijana wa Songea, kusini kabisa mwa Tanzania. Walikutana chuoni Nairobi. Wajomba wa Osmundi walikuja hapa, wakala, wakamaliza mambo yao, wakarudi, na sisi hatukuwahi kufika kwao. Mwaka wa pili Muhonja akapata mtoto wa kiume. Mtoto akakaa miezi minne, akafariki. Barua ilitufikia akiwa amezikwa wiki tatu. Mnajua watu wa hapa wanavyomsema mtu aliyekosekana matangani. Sisi tulikosekana kwa mjukuu wetu wenyewe, na jambo hilo lilinikaa kooni miaka miwili.

Halafu akazaa tena, msichana, akamwita Neema. Akaniandikia: "Mama, hapa wananitunza vizuri, lakini majirani wanasema sina watu. Njooni, hata siku tatu tu, wawaone."

Ningepanda basi kesho yake. Lakini tungelala wapi? Kwetu mzazi halali katika nyumba ya mtoto aliyeoa au kuolewa. Wazee walisema jambo hilo humletea mtoto mkosi, na mtoto aliyekwisha kuzika mmoja humfanyii majaribio. Gesti ya karibu na kijiji chao hakuna. Ndipo Baba Muhonja, aliyetengeneza matrekta ya kiwanda cha sukari mpaka akastaafu, akanunua kwa wamishenari kombi kuukuu iliyokuwa ikibeba dawa. Akang'oa viti vya nyuma, akajenga kitanda cha mbao, kabati dogo, na mahali pa stovu ya mafuta taa. Mimi nikashona mapazia ya maua.

"Hii sasa ni nyumba," akaniambia. "Tutaiweka kwa boma ya mkwe, tulale kwetu."

Nilimcheka, lakini moyoni nilimshukuru Mungu kwa fundi niliyepewa.

Shirere hadi Namanga

Tuliondoka asubuhi na mapema, majirani wakishika milango ya kombi kama tunakwenda kuzikwa. Nyuma tulikuwa na godoro, unga wa wimbi, sukari, nguo za mtoto, na kuku watatu tuliowanunua soko la Lubao kwa ajili ya mkwe. Mtu wa kwetu haendi kwa bintiye bila kuku, na hapo ndipo lilipokuwa kosa letu la kwanza.

Jogoo aliwika kutoka Kericho hadi Nairobi. Aliwika mvuani, aliwika kwenye taa za barabarani, aliwika nilipokuwa naomba. Tulipofika Namanga, afisa mmoja wa mpakani akachungulia pazia.

"Hawa kuku wanaenda wapi?"

"Wanaenda kwa mkwe," Baba Muhonja akajibu, kama kwamba huo ndio mwisho wa maneno.

Afisa alicheka mpaka akashika mlango. Akasema mkwe ni jambo zuri, lakini kuku hawavuki mpaka bila daktari wa mifugo kuwaona, na daktari amekwenda Kajiado, atarudi siku asiyoijua yeye. Tulimsubiri siku nzima. Kesho yake nikakunja mikono ya gauni nikachinja wawili, tukapika kwenye stovu, tukala na madereva wa malori waliokuwa wamekwama kama sisi. Jogoo nikampa mama aliyekuwa akituuzia chai, kwa sababu alikuwa ametuchotea maji bila kuombwa. Baba Muhonja alininunia mpaka tulipovuka. Alikuwa amejiona akiingia kwa mkwe na jogoo mkononi.

Madereva wale wote aliwaeleza kwa nini tunalala ndani ya gari. Alimweleza na polisi. Tangu hapo kila tuliposimama aliwaonyesha watu kitanda, akafungua kabati, akasema, "Nyumba ya mkwe hatulalangi, sasa tumebeba yetu." Watu walimpongeza. Nawaomba mlikumbuke hilo mkifika mbele, kwa maana mtu aliyeyasema hayo kwa nusu ya Tanzania ndiye aliyekuja kunyamaza mahali palipotakiwa aseme.

Namanga hadi Korogwe

Arusha tuliingia mkahawa mmoja mdogo. Nilikuwa na kiu ya chai tangu alfajiri. Nikamwambia binti wa pale, "Nipe chai mbili."

Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni. Akaenda, akakaa. Wengine waliokuja nyuma yetu wakahudumiwa. Mwishowe mzee aliyekaa meza ya pili akainama kwangu na kusema taratibu, "Mama, huku tunasema naomba. Ukisema nipe, anadhani unamdai."

Niliona haya. Kwetu nipe ni neno la kawaida, tunamwambia hata mchungaji. Nikasimama, nikaenda hadi dirisha la jikoni, nikasema, "Binti yangu, naomba chai mbili, na unisamehe." Akatabasamu, akaleta. Ilikuwa chai nyeusi, haina hata tone la maziwa. Baba Muhonja akaikoroga akitafuta maziwa chini. Nikamkanyaga mguu, tukanywa, tukashukuru.

Kutoka Moshi kushuka ni joto na mkonge, mkonge mistari na mistari mpaka macho yanachoka. Korogwe tuliegesha karibu na soko la machungwa. Mama mmoja muuzaji alikataa kabisa tulale bila kuoga. Akatupeleka bafuni kwake, la makuti, ndoo mbili za maji. Akaniuliza binti yangu anaishi na nani huko. Nikamwambia mama mkwe ni mjane, jina lake Mama Osmundi, sijawahi kumwona.

"Utampenda," akasema. "Na usipompenda, jifanye. Binti atabaki naye wewe ukiondoka."

Mikumi na Kitonga

Ndovu ni kweli. Ndani ya hifadhi ya Mikumi barabara kuu inapita katikati ya wanyama, na ndovu saba walikuwa wamesimama juu ya lami wakila majani ya pembeni kwa raha zao. Baba Muhonja akazima injini, kwa heshima alivyosema. Ndovu walipoondoka baada ya saa nzima, injini ikakataa kuwaka. Utingo wawili wa lori la nyuma wakashuka kutusukuma, mmoja anasukuma, mwingine anawatazama ndovu. Mimi nilisukuma na macho nimeyafumba. Ikawaka. Hakuna aliyesema kwaheri mpaka tulipotoka hifadhini.

Kitonga sasa. Ni mlima wa kona na korongo kabla ya Iringa, na barabara imebandikwa ubavuni. Baba Muhonja anawaambia tulipanda bila shida. Ukweli ni huu: kombi ilifika kona ya pili ikaanza kurudi nyuma. Nikashuka, nikaokota jiwe, nikaliweka nyuma ya gurudumu. Akapumzisha injini, akaondoka kwa kelele, akaenda hatua hamsini, akasimama, nikakimbia na jiwe langu. Nilipanda Kitonga yote kwa miguu nikiwa nimekumbatia jiwe, mwanamke wa miaka hamsini na tano, na kitambaa cha kanisani kichwani.

Dereva wa lori akapunguza mwendo kando yangu. "Mama, panda nikufikishe juu!"

"Nani ataweka jiwe?"

Akatikisa kichwa, akabaki nyuma yetu polepole na taa zinawaka ili magari mengine yasitugonge. Juu alisimama, akatugawia ndizi, akaniambia mume wangu ana bahati. Nimemwomba Baba Muhonja aliandike hilo kwenye kabati la kombi.

Iringa hadi Njombe

Huko ni baridi ambayo sikuijua. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, na nilivaa nguo zangu zote pamoja na koti lake. Njiani, baada ya Makambako, watu walikuwa wakiuza kinywaji kwenye vikombe vya mianzi. Baba Muhonja, mzee wa kanisa asiyegusa pombe tangu abatizwe, akauliza ni nini.

"Ulanzi, baba. Maji ya mianzi."

Akasema maji ya mianzi lazima ni dawa ya kifua. Akanywa vikombe viwili vikubwa, akasifu. Nusu saa baadaye alikuwa amekaa kwenye mlango wa kombi akiimba wimbo wa Pasaka, na Pasaka ilikuwa imepita miezi minne. Mimi sijui kuendesha. Tulikaa hapo siku nzima. Muuzaji alituletea mahindi ya kuchoma na kuomba radhi, kwamba alidhani kila mtu anaujua ulanzi. Nilimsamehe haraka, kwa sababu nilikuwa nacheka.

Jioni alipopata akili aliniomba nisimwambie mtu. Nimevumilia mpaka leo.

Songea, uani

Kijiji chao kiko nje ya mji, upande wa Mbinga, barabara ya udongo mwekundu na kahawa pande zote. Tuliingia saa tisa alasiri. Vigelegele vilianza kabla hatujazima injini. Mama Osmundi ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alinikumbatia mpaka kitambaa changu kikaanguka. "Wakwe zangu wamefika! Jamani, njooni muwaone!" Majirani wakaja. Muhonja akatoka na mtoto mgongoni. Alikuwa amekonda. Alinishika mkono, nami nikampokea mtoto.

Tulikula ugali na mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, wanene, watamu. Osmundi alimnawisha baba mkwe mikono mwenyewe. Kisha Mama Osmundi akasimama, akatuongoza hadi chumba cha upande wa pili wa nyumba. Kilikuwa kipya. Ukuta umepakwa chokaa, kitanda kipya, shuka zimetariziwa maua.

"Osmundi alikiongeza baada ya harusi," akasema. "Hajalala mtu humu. Kinawasubiri ninyi."

Nilimtazama mume wangu. Mtu aliyemweleza polisi wa Namanga, dereva wa lori na muuza machungwa, akakohoa. "Asante sana, mama. Lakini sisi tutalala tu kwa gari. Mgongo yangu imezoea kitanda yangu."

Mama Osmundi aliinyoosha shuka iliyokwisha kunyooka. Akasema, "Haya, baba. Mmechoka." Akazima taa ya kile chumba.

Mbona sikusema? Mbona Muhonja hakusema? Kwetu mambo ya ukwe hayaelezwi. Kila mtu anayajua, na kuyataja mbele ya mkwe ni kukosa adabu. Hatukuwahi kufikiri kwamba kuna mahali watu hawayajui.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, tukaenda kanisani. Tuliporudi, kombi ilikuwa tupu. Osmundi, masikini wa Mungu, alikuwa amefikiria usiku kucha habari za mgongo, na akahamisha godoro letu akalitandika juu ya kile kitanda kipya. Alisimama mlangoni akitabasamu. "Baba, sasa utalala kwenye godoro lako."

Baba Muhonja akaingia, akalikunja godoro, akalibeba begani, akavuka ua nalo mbele ya watu wote waliotoka kanisani. Akasema anaogopa wezi, lazima alinde gari. Afadhali angenyamaza. Mwanamke mmoja jirani akasema kwa sauti ya kusikika, "Tangu lini kijiji hiki kina wezi?" Mwingine akasema Wakenya wana maringo, wamebeba nyumba yao wasishike vumbi letu.

Muhonja alinifuata nyuma ya jiko. "Mama, mlikuja kunipa watu au kunimaliza?"

"Wewe si unajua kwa nini? Mweleze mama mkwe wako."

"Nimweleze nini? Kwamba mnaogopa mkosi? Yule mtoto alifia ndani ya nyumba hii, Mama. Nikitaja mkosi, atasema tunamlaumu yeye." Akaifunga kanga upya kiunoni. "Mimi ndiye nitabaki hapa."

Sikupata usingizi. Nilimwambia Baba Muhonja tuingie tulale kile chumba, yaishe. Aliinuka, akakaa. "Na mtoto akigonjeka? Mwaka kesho, mwaka ule mwingine? Utajisamehe?" Siamini kila kitu walichosema wazee. Lakini Neema alikuwa na meno mawili, na sikutaka kujua kama wazee walisema kweli.

Siku ya tatu asubuhi Mama Osmundi aliniita. "Mama Muhonja, hujaliona kaburi." Tulikwenda wawili, chini kidogo ya migomba. Kaburi dogo, limezungushiwa mawe, na juu yake maua ya njano yaliyopandwa kwa mstari. Hakukuwa na jani moja la magugu. Niliuliza nani anapalilia.

"Mimi. Kila Jumamosi."

Nikakaa chini kando ya yale mawe. Nililia kilio ambacho nilipaswa kukilia miaka miwili kabla, na yeye akaniacha nilie, akinishika bega. Nilipopata pumzi nikayasema yote.

"Mama Osmundi, hatukudharau nyumba yako. Kwetu mzazi halali kwa mtoto aliyeolewa, wazee walisema inaleta mkosi kwa watoto wake. Na huyu ameshazika. Tunaogopa. Si wewe. Mkosi ni wetu, tungekuja nao sisi."

Aliinama kaburini. Akang'oa jani moja ambalo mimi sikuliona.

"Kwa hiyo mnalala nje kwa ajili ya Neema?"

"Ndiyo."

"Nami nilidhani ni kwa ajili ya vumbi langu." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Siku tatu nawatandikia kitanda na kuwachukia. Sasa niambie vizuri. Huo mwiko wenu unamkataza mkwe mwenzio kulala kwenu?"

Nilifikiri. "Hapana. Huo haupo, mwanamke kwa mwanamke."

"Na mjukuu?"

"Mjukuu hana mwiko. Nyumba ya bibi ni yake."

"Na binti aliyeolewa, akirudi kwa mama yake?"

"Analala. Ni kwao."

Akasimama, akajikung'uta. "Basi."

Jua lilipokuwa linashuka, watu wakirudi kutoka mashambani, Mama Osmundi alitoka nyumbani mwake na mkeka kwapani, blanketi begani, na Neema mikononi, ameoga, amepakwa mafuta. Alivuka ua polepole, kama mtu anayetaka kuonekana. Akafika mlango wa kombi, akabisha. "Hodi wenyewe! Nimekuja kuwatembelea."

Nilimfungulia. "Karibu sana, mama. Karibu kwetu."

Baba Muhonja akashuka mbio na viatu mkononi, maana kulala gari moja na mama mkwe wa bintiye kungekuwa balaa jingine. Mwalimu jirani akamkaribisha kwake, na nasikia walizungumza injini mpaka mwalimu akasinzia. Muhonja alikuja kunyonyesha, akasema atakaa kidogo. Mama Osmundi akamwambia, "Panda, mwanangu, uko kwa mama yako." Kitanda cha watu wawili kikatubeba wanne. Mkwe mwenzangu alisifu mapazia yangu, akaniuliza bei ya kitambaa, akakoroma kabla sijamjibu.

Asubuhi alitangulia kuamka. Nilimsikia akifungua mlango wa kombi na kukaa pale kwenye kidaraja, Neema mapajani. Yule jirani mwenye maneno ya maringo alikuwa anapita na ndoo.

"Mama Osmundi! Umeamkaje? Mbona unatokea kwenye gari?"

"Nimeamka salama. Nilikwenda Kenya, nimelala kwa wakwe zangu." Sauti ile ya kuvuka bonde. "Neema naye amelala kwa bibi yake. Na mama yake amelala kwao. Waambie na wenzako."

Nikageuka kumtazama Muhonja, nione kama amesikia. Alikuwa amelala upande wa ukuta wa kombi, mdomo wazi, mkono umeniangukia tumboni. Alikuwa na miaka ya usingizi ya kufidia. Nikamfunika blanketi, nikamwacha alale.